Suala la Kodi ya Hiari: Historia ya Bonde la Rukwa Inasema Nini?

Suala la kodi ni suala la siasa kabla halijawa suala la fedha. Anayetaka kujua nchi ni ya nani na aulize nani anatozwa, nani anatoza, na fedha ikishakusanywa nani anakaa mezani kuipangia matumizi. Tunalisema hili mwanzoni kwa sababu katika semina moja tuliyoendesha Mamba, katika nchi ya Wapimbwe, mkoani Katavi, tulikutana na hoja ambayo makada wengi huikwepa. Tungekuwa waongo kama tungedai kwamba siku ile tulikuwa na jibu mfukoni.

Aliyeitoa ni kijana mnunuzi wa mpunga. Alisimama kwa adabu akasema: "Mwalimu, mnatufundisha kwamba kodi hulipwa kwa hiari. Mimi nikifika kizuizini na magunia yangu, hiari yangu iko wapi? Aliyelima ni mkulima. Aliyetafuta gari ni mimi, aliyetafuta soko ni mimi. Serikali iniache nifanye biashara. Nikiridhika na kazi yake nitaichangia mwenyewe, kama ninavyochangia harusi na msiba." Ukumbi ulipiga makofi. Na waliopiga makofi hawakuwa mabepari. Walikuwa wakulima, mama lishe, waendesha bodaboda, na baadhi ya viongozi wetu wa matawi.

Hoja ile haikuzaliwa Mamba. Ina ukoo mrefu katika fikra za soko huria. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776, hakudai kodi iwe ya hiari. Alidai ilingane na uwezo wa mtu, ijulikane wazi, itozwe wakati unaomfaa mlipaji, na gharama ya kuikusanya isiimeze. Mjamaa hana ugomvi na hayo. Waliomfuata walikwenda mbali zaidi. Mwingereza Auberon Herbert, katika karne ya 19, alihubiri dola inayoishi kwa michango ya hiari peke yake. Ayn Rand aliirudia hoja hiyo huko Marekani mwaka 1964. Na mwaka 1974, wakati wakulima wetu wakihamishiwa katika vijiji vya maendeleo, Robert Nozick wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kwamba kutoza kodi ujira wa mtu ni sawa na kumfanyisha kazi ya lazima.

Kwa wanafikra hawa soko ni hali ya asili ya binadamu, na kodi ni mgeni aliyeingia nyumbani bila hodi. Mjasiriamali ndiye muumbaji wa mali. Dola ni mdokozi. Sasa tuiulize historia ya upande wetu wa nchi ni nani hasa aliyetangulia kufika.

Kabla ya ukoloni watu wa magharibi walifahamu fika maana ya kutoa. Kwa watemi wengi, tembo akiuawa, pembe moja ilikuwa ya mtemi. Misafara ya wafanyabiashara ililipa hongo ili ipite kwa usalama, na Mirambo alipigana vita kwa sababu ya hongo hiyo. (Inafaa kijana wa leo ajue kwamba neno hongo lilikuwa jina la ushuru halali wa njia. Namna lilivyogeuka kuwa jina la rushwa ni somo la siasa linalojitegemea.) Kutoa huko kulikuwa na unyonyaji wake, hatukatai. Lakini hakukumlazimu mkulima kuacha shamba lake akaitafute fedha ya mtu mwingine.

Kazi hiyo ilifanywa na Wajerumani. Sheria yao ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897 iliitoza nyumba ya shamba rupia 3 kwa mwaka. Hapo awali walikubali nafaka au kazi badala ya fedha. Mwaka 1905 wakakaza kamba wakitaka fedha taslimu, na mwaka huo huo Maji Maji ikawaka kusini. Watawala hawakuficha kwamba shabaha yao haikuwa fedha tu. Walitaka Mwafrika atoke kijijini akauze nguvu zake. Waingereza waliirithi kodi ile, wakaiongezea kodi ya kichwa, na kuanzia mwaka 1926 wakaipitisha kwa machifu, ambao hazina zao zilipewa fungu. Mwanamume asiyekuwa na fedha alifanyishwa kazi za umma mpaka deni liishe. Kama Nozick angetaka mfano wa kodi iliyo kazi ya lazima kwa maana halisi ya maneno hayo, angeupata Tanganyika, tena chini ya serikali iliyowafungulia mabepari milango yote.

Hivyo ndivyo wanaume wa magharibi walivyokuwa manamba. Wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, wengine kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, ambako kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao maalumu la kuandikisha vibarua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikajengwa reli ya tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, kwa ajili ya mgodi wa risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Reli ilibaki, na wafanyabiashara wa mazao wa Mpanda wameitumia miaka mingi bila kujiuliza nani aliilipia.

Ni dhahiri basi kwamba hapa kwetu soko halikuota kama uyoga. Liliingizwa kwa kodi, na kodi iliingizwa kwa bunduki. Anayesema tuondoe kodi ili tulirudie soko katika usafi wake wa asili hana pa kurudi.

Lakini kada akiishia hapo atakuwa ameshinda mjadala na kupoteza ukumbi, kwa maana wazee wa Mamba hawaikumbuki rupia ya Mjerumani. Wanatukumbuka sisi.

Baada ya Uhuru wananchi walijitolea kwa moyo. Walifyatua matofali, walichimba misingi ya madarasa na zahanati, na hakuna aliyewashikia fimbo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba hata kodi ina kikomo. Mwaka 1969 kodi ya kichwa na ushuru wa mazao wa halmashauri vikafutwa. Mkulima akashangilia. Ila halmashauri zilibaki mikono mitupu, na mwaka 1972 zikavunjwa. Sauti ya mkulima katika wilaya ikaondoka pamoja na kodi yake. Uhusiano wa mambo haya mawili tuliuchukulia kwa wepesi mno.

Je, mkulima aliacha kutozwa? Hapa ndipo inapotupasa kumsikiliza hata adui wa itikadi. Peter Bauer, mchumi wa soko huria, aliandika mwaka 1954 kuhusu Afrika Magharibi kwamba bodi za mazao ni kodi iliyojificha: zinamnunulia mkulima kwa bei ya chini, na tofauti inabaki juu. Kwetu pia, katika miaka ya 1970, sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima wa mazao ya kuuza nje ilipungua. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua nafaka moja kwa moja vijijini. Mkulima hakuona mtoza kodi wala stakabadhi. Aliona bei tu.

Hata hivyo Bauer angefika Rukwa angepata taabu kidogo. Tangu katikati ya miaka ya 1970 bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima. Mkulima wa Mpanda, ambaye gunia lake lilihitaji siku nyingi kulifikia soko la Dar es Salaam, alipata shilingi ile ile aliyopata jirani wa Dar es Salaam. Soko huria lisingempa bei hiyo hata siku moja. Kwa sera hiyo, Rukwa, Ruvuma, Iringa na Mbeya zikawa ghala la taifa. Gharama ya usafiri ililipwa na Shirika, Shirika likakopa benki, na mkopo ukawa mzigo wa taifa zima. Kwa hiyo mkulima yule yule alikamuliwa kwa mkono mmoja na kubebwa kwa mkono wa pili, na hakuna mkutano wowote wa kijiji uliowahi kuonyeshwa hesabu ya mikono yote miwili. Kuanzia mwaka 1984 vizuizi vya biashara ya nafaka vikalegezwa. Bei moja ikafa taratibu, na umbali ukarudi kuwa mzigo wa mkulima.

Mwaka huo wa 1984 halmashauri za wilaya zilirudi, na pamoja nazo kodi ya maendeleo. Hii ndiyo iliyoumiza. Mzee mmoja katika semina yetu alitueleza jinsi watoza ushuru na mgambo walivyokuja alfajiri, na wanaume wakalala porini. Asiyekuwa na stakabadhi alikamatwa mnadani, alikamatwa njiani akienda kumwona mgonjwa. "Sisi stakabadhi tuliiweka ndani ya kopo pamoja na kadi ya Chama," alisema. "Ile ya kodi ndiyo iliyochakaa kwa kutolewa." Ukumbi ulicheka. Sisi hatukucheka sana. Tozo ile ilikuwa sawa kwa maskini na mwenye nacho, jambo ambalo Adam Smith mwenyewe angelikataa, na sehemu kubwa ya mapato katika wilaya nyingi ililiwa na gharama za kuendesha halmashauri zenyewe. Ilifutwa mwaka 2003. Kuifuta ilikuwa haki, lakini kwa mara ya pili tulifuta bila kujenga kitu cha kumfunga kiongozi kwa mlipaji.

Michango ya shule ilipita njia hiyo hiyo. Ilianza kwa hiari, ikawekewa kiwango, mwisho mtoto akafukuzwa darasani kwa deni la mzazi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulikomesha michango ya lazima. Na Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho 670,000 kwa wajasiriamali wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Kwa maoni yetu, katika historia yetu hatujakaribia kodi ya hiari kuliko wakati ule. Wauza mboga wengi walilipa kwa furaha, kwa sababu walijua wanachonunua: amani ya kutofukuzwa na mgambo. Kisha baadhi ya viongozi, wakiona kila mkoa umepewa idadi, wakaigeuza idadi kuwa lengo la lazima, na mahali pengine hata asiye na biashara akaambiwa anunue.

Tulimrudia kijana wetu. Tulimwuliza kuhusu lumbesa. Sheria inaweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, lakini mnunuzi hulishona kilemba juu, na mkulima anapoteza debe au zaidi bila kulipwa. Debe hilo ni nini kama si kodi? Halina stakabadhi, halijengi zahanati, na halina diwani wa kuhojiwa. Wakulima waliokuwa wakimshangilia walinyamaza, kisha wakaanza kunong'ona. Tukauliza pia ni wangapi ukumbini wamepata mkopo usio na riba wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikono kadhaa ilinyanyuka, na wa kijana ulikuwa mmojawapo. Mtaji wake ulitoka, kwa sehemu, katika ushuru wa mazao anaoulalamikia.

Hakukasirika. Alisema: "Mwalimu, hilo nakubali, na lumbesa nayo nakubali. Basi niambieni kizuizi cha kwetu kimekusanya kiasi gani msimu huu, na kimekwenda wapi. Harusini karani anasoma majina na fedha mbele ya watu wote."

Ndugu makada, hili ndilo swali ambalo wachumi wa soko huria hawaliulizi, kwa sababu wao wanataka mlipaji awe na haki ya kutolipa. Kijana hakuitaka haki hiyo tena. Alitaka hesabu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na vijana wa Kenya walipomlazimisha Rais William Ruto kuuondoa Muswada wa Fedha Juni 2024, palikuwa na madai ya mabepari ndani yake, bila shaka. Lakini dai hili la hesabu lilikuwamo pia, na si la kibepari. Tume ya Edwin Mtei ya mwaka 1989 hadi 1991 ilitutengenezea njia ya kodi ya ongezeko la thamani. Tume iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue ilipewa kazi ya kuutazama upya mfumo mzima wa kodi. Tume hutazama viwango na sheria. Haiwezi kukaa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukutana kila robo mwaka na kusomewa mapato na matumizi. Humo anakaa mwenyekiti aliyepigiwa kura kwa tiketi ya Chama.

Walikuwapo watendaji wa vijiji vitatu siku ile. Mmoja alisema taarifa ipo ofisini. Wa pili alisema kizuizi si mali ya kijiji. Wa tatu, mama wa makamo ambaye asubuhi yote hakuwa amesema neno, alitembea hadi ubaoni, akafuta mchoro wetu wa matabaka, akaandika kwa chaki tarehe ya mkutano wa kijiji chake, na chini yake: mapato ya kizuizi, yote.