Hii Redio ya Sufuria Ndiyo Naitafuta

Wasee, mimi hukusanya redio za vali, zile hungoja zipate moto kwanza ndio ziongee. Niko nazo tatu, zote za mbao, na mathe anaziita takataka. Lakini ile natafuta haina urembo: Saucepan Special.

Mwaka wa 1949, Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali ya kikoloni Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alitaka redio ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kununua. Kampuni ya betri ya Ever Ready huko Uingereza ikaitengeneza. Vali nne, betri kavu maana vijijini hakukuwa na stima, na kasha lake? Sufuria ya alumini, imepakwa bluu. Pauni 5, betri unalipia kando. Ilishika stesheni ya Lusaka, iliyotangaza kwa Kibemba, Kinyanja na lugha zingine za huko. Mkoloni alitaka asikizwe, tusidanganyane. Lakini watu walisikia pia nyimbo zao wenyewe zikitoka hewani.

Shida ni kwamba alumini ina bei kwa skrepu. Kwa hivyo kama uko na mtu Zambia, mwambie achungulie stoo ya babu yake. Akiona sufuria ya bluu iko na spika, asiiuze kwa kilo. Anipigie kwanza.