Miaka Yenye Majina



Ukimwuliza bibi kizee wa Shinyanga alizaliwa lini, huenda asikutajie tarakimu. Atasema alikuwa angali anabebwa mgongoni mwaka ule almasi ilipogunduliwa Mwadui. Kijana aliyesoma hucheka. Lakini Williamson aliigundua almasi hiyo mwaka 1940; basi bibi amekwisha kutaja umri wake.

Hata Maandiko huhesabu hivyo. Nabii Amosi anataja utume wake kwa tetemeko la nchi, na Isaya maono yake kwa mwaka aliokufa mfalme Uzia.

Katika nyika za Marekani, Walakota na ndugu zao Wadakota walihesabu mwaka tangu theluji ya kwanza hadi theluji ya kwanza iliyofuata. Wazee walikaa shauri wakachagua tukio moja, na mtunzaji akalichora juu ya ngozi ya nyati. Hesabu ya Lone Dog ina alama 71, kuanzia majira ya baridi ya 1800. Mwili wenye madoa ni mwaka wa ndui. Nyota zinazoanguka ni mvua ya vimondo ya Novemba 1833, ambayo tarehe yake inajulikana kwa hakika. Kutoka hapo msomaji huhesabu mbele na nyuma, na miaka mingine ikapata tarakimu zake.

Hata hivyo, alama haikusimulia yenyewe. Mtunzaji ndiye aliyesimulia, nayo alama ikamzuia asipotee njia. Tena tukio lililochaguliwa si lazima liwe kubwa kupita yote. Mapigano ya Little Bighorn ya mwaka 1876 yanajulikana duniani kote, lakini hesabu kadhaa zinautaja mwaka ule kwa farasi walionyang'anywa na jeshi. Kutotajwa kwa jambo si ushahidi kwamba halikutokea.

Ndivyo tuwasikilize wazee wetu. Mzee wa Geita akisema, "kabla mgodi haujafungwa," tuelewe ni mgodi wa wakoloni uliofungwa mwaka 1966, si mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000. Akitaja njaa, tumwulize ni ipi, kwa maana njaa zilikuja mara nyingi: je, ilikuwa kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, au baada ya vita vya Kagera? Kitabu cha ubatizo nacho kisomwe kwa uangalifu. Siku ya ubatizo imeandikwa kwa hakika, lakini mwaka wa kuzaliwa wa mtu mzima mara nyingi ulikisiwa. Kitabu na mzee hupimana.

Jambo hili si la udadisi tu. Mjane anayedai shamba la mumewe aweza kupuuzwa kwa kuwa hana tarehe, ilhali anayo, ila hakuna aliyeisoma. Ngozi ya Walakota isiyo na msimulizi hubaki picha nzuri ukutani. Mzee asiyeulizwa huzikwa na miaka yake yote.

Basi juma hili, chukueni daftari, mketi karibu naye. Andikeni kwanza jina la mwaka kama alivyolitaja yeye, tarakimu itafuata.

Tumsifu Yesu Kristo.