Swali la Kurudi

Kijiweni ukitaja neno viza, umewasha moto. Kila mshikaji ana hadithi: kaka aliyenyimwa, dada aliyerudishiwa pasipoti ikiwa tupu, binamu aliyechoshwa na fomu akaamua kuzamia meli. Na hukumu huwa moja tu, eti Wazungu hawatupendi. Sikatai moja kwa moja. Ila mimi ni mtoto wa Nambis, pale juu kwenye baridi, jirani na mji wa Mbulu, na kwa muda sasa nimekuwa nikiwauliza wazee habari za safari za zamani. Nimeona jambo moja. Lile swali linalowaangusha watu kwenye dirisha la ubalozi, yaani "utarudi?", halikuletwa na ndege. Tumeulizwa swali hilo miaka mingi, na baadhi ya waliotuuliza walikuwa ndugu zetu wenyewe.

(Waswahili, kwa njia, walikuwa na neno lao tayari. Yai viza ni yai lililoharibika likakataa kuanguliwa. Mwenye kupenda mafumbo na achekee hapo, sisi tuendelee.)

Wairaqw wa zamani nao walikuwa na mpaka. Nchi ya jumuiya moja waliiita aya, na mipaka yake ilifanyiwa tambiko, masay, ili mabaya yabaki nje. Kwa hiyo msinidanganye kwamba babu zetu walitembea popote kama upepo. Mpaka ulikuwepo, na mtu mwenye mkosi hakuruhusiwa kupita kila njia wala kuingia kila nyumba. Tofauti ni kwamba mgeni aliyekuja kwa nduguye alijulikana kwa uso na kwa ukoo. Hakuna aliyemwambia, "Hebu onyesha karatasi inayosema huyu ni dada yako."

Karatasi zilikuja na kodi. Mjerumani alitoza kodi ya kibanda, Mwingereza akaendeleza ya kibanda na ya kichwa, na stakabadhi ya kodi ikawa ndiyo sura ya mtu. Aliyekwenda kufanya kazi mashambani, iwe kwenye mkonge wa Tanga au kwenye kahawa ya Oldeani, alikuwa na kipande cha kuandikiwa siku zake za kazi. Mjini mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wale iliowaita wenyeji wasiotakiwa. Ukikutwa Dar es Salaam bila kazi ya kueleweka, bwana, unarudishwa kwenu. Neno "mhuni", ambalo leo tunatupiana kama utani, lilibandikwa watu wa namna hiyo. Fikiria kijana aliyekwenda tu kumwona kaka yake Kariakoo, akae wiki mbili, ale samaki, aone bahari, arudi. Mbele ya sheria ile, kijana huyo alikuwa karibu sana na mhuni. Hakuwa na mwajiri. Alikuwa na kaka tu, na kaka si stakabadhi.

Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alisafiri hadi New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Chama kilichanga nauli. Wamarekani wakampa viza yenye masharti, asiende mbali na majengo ya Umoja wa Mataifa, na akimaliza kusema aondoke. Ni Baba wa Taifa huyo, na alipimiwa mitaa ya kutembea kama mbuzi aliyefungwa kamba. Tukisimuliwa habari hii tunakasirika, na ni haki yetu.

Lakini hasira hiyo isiishie hapo. Mwaka 1983, Mwalimu akiwa Rais, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Operesheni zikapita mitaani Dar es Salaam, watu wakaombwa vitambulisho vya kazi, na wasiokuwa navyo wakapakiwa kwenye magari kupelekwa vijijini. Lengo lilitajwa kuwa uzalishaji. Sitaki kuwadharau waliotunga sheria ile, nchi ilikuwa na hali mbaya, sabuni ilikuwa ya foleni. Ila mzee mmoja wa kwetu, ambaye miaka ile alikuwa kijana, aliniambia alikwenda Dar kumwuguza dada yake aliyejifungua kwa shida. Mfukoni alikuwa na barua ya balozi wa nyumba kumi. Askari akaisoma, akaikunja, akamwuliza, "Sasa unarudi lini?" Huyo naye alikuwa balozi, angalieni, balozi wa nyumba kumi! Na barua yake haikutosha.

Wa mipakani walikuwa na yao. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mmasai mwenye mama Narok na mke Loliondo, Mkurya mwenye shemeji upande wa pili, wote waligeuzwa wageni kwa siku moja. Wengi waliendelea kupita porini usiku. Sheria iliwaita wahalifu, na wao walijiita watu wanaokwenda msibani.

Sasa tuvuke maji. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Julai 1962, hata miezi minane haijatimia, Uingereza ikaanza kutumia sheria mpya ya kuwachuja raia wa Jumuiya ya Madola waliotaka kuingia kwake. Wa kutembea tu hawakufungiwa, lakini afisa wa mlangoni alipewa nguvu ya kuamua kama mtu ni mgeni kweli au anajifanya. Miaka ya 1990 Mtanzania akaambiwa aombe viza kabla hajapanda ndege, basi mlango ukahama kutoka London ukaja Dar es Salaam. Hata haki ya kulalamika imekuwa ya kupewa na kunyang'anywa. Mwaka 1993 Waingereza waliondoa rufaa kwa wageni wa kutembea, mwaka 2000 wakairudisha kwa waliokwenda kuona familia, na Juni 2013 wakaiondoa tena. Wamarekani wao hawazungushi maneno. Sheria yao ya uhamiaji ya 1952 inamchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe kwamba siye. Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa pia kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wangeweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kabla ya kupewa viza hiyo. Hesabuni wenyewe ni ng'ombe wangapi.

Huku kwetu Mbulu, Ulaya ya karibu ni Haydom. Wamisionari wa Norwe walifungua hospitali pale mwaka 1955, mwaka ule ule wa safari ya Mwalimu, na tangu hapo Wanorwe wamekuwa wakija: madaktari, wanafunzi, wajukuu wa wale wa kwanza. Kijana wa Norwe anashuka Kilimanjaro, analipa dola 50, anagongewa muhuri, kesho yake yuko njia ya Mbulu anapiga picha vumbi. Hakuna anayemwuliza kwao ana shamba la ekari ngapi. Na sisemi aulizwe! Mgeni ni baraka, na hospitali ile imeokoa wengi. Nasema tu kwamba barabara ile ile ina kipimo kimoja kwa anayekuja na kingine kwa anayekwenda.

Shangazi yangu aliijua barabara hiyo. Mtoto wake yuko Ulaya, nchi nitaiacha na ubalozi nitauacha, maana mambo yao yanafanana. Binti alipata mimba ya kwanza. Kwetu mzazi haachwi peke yake, mama yake huja kumpikia, kumkanda, kumshika mtoto naye alale. Basi binti akatuma barua ya mwaliko, akasaini karatasi ya dhamana kwamba atamlisha mama na kumlaza, akalipia bima ya matibabu ya euro 30,000 kama sheria za Schengen zinavyotaka. Kwa upande wake kazi ilikwisha. Kazi ikabaki Nambis.

Kwanza pasipoti, na pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Shangazi alizaliwa nyumbani, ana cheti cha ubatizo chenye jina la mtakatifu, na watu wanamwita kwa jina la Kiiraqw ambalo kila karani ameliandika anavyosikia. Kiapo mahakamani. Kitambulisho cha Taifa. Kisha taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Shangazi hana benki. Ana ng'ombe, na ng'ombe wenyewe hawalali kwake wote. Wengine wako kwa marafiki, kama desturi yetu ilivyo, ili ugonjwa au ukame usiwamalize kwa mpigo. Ukitaka kujua utajiri wake itabidi uzunguke boma tano, na hakuna boma itakayokupa karatasi. Shamba? La urithi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ianze kutumika mwaka 2001, mtu wa kijijini anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, lakini kwetu wengi hawakuona haja ya kuandikiwa shamba ambalo kaburi la babu limo ndani yake.

Hapo ndipo naona uchungu wa habari yote. Vitu vilivyomfunga Shangazi kwao ndivyo hivyo, ng'ombe walio kwa watu, shamba, makaburi, zamu ya kanisa, wajukuu wawili anaowalea. Huwezi kumng'oa Nambis hata kwa trekta. Na vyote hivyo, kimoja baada ya kingine, havina karatasi. Kijana wa mjini mwenye akaunti iliyojazwa juzi na rafiki zake, halafu anafikiria kutokomea, angeonekana mwenye mizizi kuliko yeye.

Alipanda basi hadi Dar, kwa sababu alama za vidole huwezi kutuma kwa posta. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, ukurasa mmoja wenye visanduku, na kisanduku kilichotiwa alama kilisema kuna shaka kama ataondoka kabla ya viza kwisha. Nilimtafsiria. Akauliza, "Wanadhani nitakwenda kukaa kwa nani?" Sikuwa na jibu. Rufaa ilikuwepo, lakini mimba haingoji rufaa.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Viza ya matembezi imeupindua msemo huo: inampa mgeni siku hadi 90 na kumkataza jembe. Mwenye kulea mjukuu bila mshahara sijui amehesabiwa upande gani.

Mtoto alizaliwa bila bibi. Alipofikisha mwaka mmoja na nusu, binti akamleta. Yeye mwenyewe alikuwa amechukua uraia wa huko, na kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, pasipoti ya Tanzania hakuwa nayo tena. Mjadala wa kuwapa watu kama yeye hadhi maalum umekuwa mrefu, lakini siku ile pale uwanjani hakukuwa na mjadala. Alilipa dola 50 zake na dola 50 za mtoto. Kwenye fomu, penye sababu ya safari, aliandika: kutembelea ndugu. Afisa, kijana mwenye heshima zake, alimwamkia, akagonga mihuri miwili, kisha akamwuliza kwa Kiswahili anarudi lini.