Nyumba za zamani za Bukavu: ukuta unabaki, bustani inauzwa

Sisi wa Luhwindja tukishuka Bukavu, nyumba zile za La Botte na za avenyu Lumumba tunaziita "nyumba za Wabeleji", basi, yamekwisha. Lakini zina historia, na iko inapotea mbele ya macho yetu.

Mji uliitwa Costermansville mwaka wa 1927, kwa kumkumbuka Paul Costermans, makamu wa gavana mkuu wakati wa Léopold wa Pili. Nyumba nyingi za komine ya Ibanda zilijengwa kati ya miaka ya 1930 na ya 1950, kwa mtindo wa Ulaya wa wakati ule, Art déco. Utazitambua haraka: kona ya ukuta imezungushwa kama tumbo la mtungi, paa bapa limefichwa nyuma ya ukuta, mstari mrefu wa simenti unapita juu ya madirisha. Pengine utaona dirisha la duara kama la meli. Balkoni inaangalia ziwa. Ukiwa ndani ya mashua unaona kweli zinafanana na meli zilizotia nanga mlimani.

Nyuma kulikuwa na kijumba: pale alilala boyi. Wengine walirudi Kadutu jioni, kwani makao ya Wazungu na ya Waafrika yalitenganishwa. Kwa hiyo wanaosema nyumba hizi si zetu, mimi siwafuati. Waliobeba mawe na kuchanganya simenti hawakutoka Brussels.

Nyumba hizi zimeona mengi. Mwaka wa 1967 mamluki wa Jean Schramme walishika mji tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi. Bado zikasimama.

Kinachozimaliza leo ni kukatwa kwa parsele. Bustani inauzwa, nyumba ya etaji inapandishwa mbele ya balkoni, kijumba cha boyi kinageuka duka. Na bustani haikuwa pambo tu: ilikuwa inakunywa maji ya mvua. Bukavu ni mji wa miteremko, na udongo wake unateleza. Maji ya paa yakikosa pa kuingia yanamshukia jirani wa chini, na mfereji uliochimbwa kwa nyumba moja unabebeshwa maji ya nyumba nyingi. Kisha tunashangaa makorongo.

Sheria iko: namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Ofisi ya ardhi, kabla ya kutia sahihi parsele ikatwe, iulize kwanza nyumba iliyo ndani ilijengwa lini na maji yake yanapita wapi.

Na kama kwenu kuko mzee aliyefanya kazi ya umasoni huko, mwandikeni jina lake na nyumba aliyojenga, angali anakumbuka.