Jinsi Maxima ilivyofika Maseno

Juzi mwalimu mmoja hapa Kisumu, anayefundisha hisabati kwa mtandao, aliniuliza nyenzo huria za elimu zinapatikana wapi. Nikamwambia kupata si shida. Jina lenyewe lilizaliwa Paris mwaka 2002, katika mkutano wa UNESCO, na tangu hapo mtandao umejaa. Mimi nilikaa saiba nikingoja faili moja ya MIT ishuke huku dakika zinalipiwa. Hiyo ni kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009. Faili ilishuka, nikafanya mazoezi yote. Lakini nani angenisahihishia?

Hapo ndipo Maseno inapoingia. Darasa la hisabati likiwa na mamia ya wanafunzi, mhadhiri hawezi kusahihisha madaftari kila wiki. Mwaka 2019 chuo kikuu hicho kilianza kutumia STACK, programu huria inayofanya kazi ndani ya Moodle. Andika x(x+1) au x²+x, inajua ni kitu kimoja. Kila mwanafunzi anaweza kupewa namba zake, kwa hiyo kunakili jibu la jirani hakusaidii.

Sisi waandishi wa programu lazima tufungue boneti. Ndani kuna Maxima, mjukuu wa Macsyma iliyoanza MIT miaka ya 1960 kwa fedha za serikali ya Marekani. Macsyma ikawa bidhaa ya kuuzwa. Profesa William Schelter wa Texas akaitunza nakala moja tangu 1982, na mwaka 1998 akapata ruhusa ya Idara ya Nishati ya Marekani kuitoa kwa leseni ya GPL. Alifariki 2001. Baadaye Chris Sangwin, akiwa Birmingham, akajenga STACK juu yake. Bila ruhusa ile, sijui Maseno ingetumia nini. (Kuna watu bado wanadhani leseni ni karatasi za mawakili tu!)

Basi nikamwambia mwalimu: tazama leseni kwanza. Kupakua bure si ruhusa ya kubadilisha.

Ameshanitumia swali lake la kwanza. Alilikuta na meli ya Ulaya, akaweka boti ya mbuta inayotoka Dunga. Nimelikosa mara mbili. Nilisahau alama ya kutoa.