Nani Amfundishe Mwandishi wa Habari? Ajira za Wahadhiri wa Mawasiliano Zikitazamwa Kutoka Singida

Kila Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotoa tangazo la nafasi za vyuo vikuu, wahitimu wa uandishi wa habari na mawasiliano ya umma hulipekua wakitafuta mstari mmoja: mkufunzi msaidizi au mhadhiri msaidizi katika idara yao. Mara nyingi mstari huo haupo. Unapokuwepo, huja na nafasi moja au mbili. Wengi huamini kwamba uhaba huu ni jambo la juzi, tena la bahati mbaya. Historia inaonesha vingine.

Kwa muda mrefu nchi hii haikuona sababu ya kuwa na mhadhiri wa mawasiliano. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na sheria ndiyo iliyofundishwa kwanza. Magazeti na redio viliachwa vijitafutie watu na kuwafunda kazini. Benjamin Mkapa aliyehariri The Nationalist, na baadaye Daily News lilipozaliwa mwaka 1972, alikuwa na shahada ya Kiingereza kutoka Makerere. Hakuna idara ya habari iliyomlea. Waliotaka mafunzo rasmi walitazama Nairobi, ambako Taasisi ya Kimataifa ya Habari iliendesha kozi kuanzia mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha shule yake ya uandishi wa habari mwaka 1970.

Huku kwetu, aliyetangulia hakuwa serikali bali Kanisa Katoliki. Kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, Mwanza, kilianzishwa mwaka 1960 na uandishi wa habari ukawa miongoni mwa masomo yake. Serikali ilifuata mwaka 1975 kwa Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania. Tukumbuke majira yale: magazeti makubwa yalikuwa ya chama na serikali, redio ilikuwa moja, na Shirika la Habari, Shihata, liliundwa mwaka uliofuata. Mwalimu wa chuo hicho alitakiwa awe mtu wa kazi, aliyekwisha kukaa chumba cha habari, naye alimwandaa mwanafunzi kwa waajiri waliohesabika kwa vidole.

Mlango ulipanuka baada ya mwaka 1992. Vyama vingi vilirudi, Sheria ya Utangazaji ya 1993 ikaruhusu redio na televisheni za binafsi, na ghafla wakahitajika mamia ya watu wa kuandika, kusoma na kuhariri. Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Mwaka 2003 chuo kile cha serikali kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikiwa miaka zaidi ya arobaini tangu chuo kikuu hicho kianze. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007, kijana wa Singida alipata kwa mara ya kwanza chuo kikuu kikubwa cha umma umbali wa kilomita mia mbili na arobaini hivi kutoka kwao.

Lakini kilichobadilika zaidi, kwa maoni yangu, ni maana ya neno mwalimu. Chuo cha ufundi kinamwuliza mwalimu wake amefanya nini. Chuo kikuu kinamwuliza ana shahada gani. Muundo wa utumishi wa wanataaluma wa vyuo vikuu vya umma uliotolewa mwaka 2014 umeweka wazi: mkufunzi msaidizi awe na wastani wa ufaulu usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na mhadhiri msaidizi afikishe 4.0 katika shahada ya uzamili. Mwandishi aliyeripoti bei ya alizeti na vitunguu vya Singida kwa miaka ishirini, akahitimu kwa 3.6, hana pa kuingilia. Aliyehitimu juzi kwa 3.9 bila kuandika habari hata moja iliyochapishwa, anaitwa kwenye usaili. Sisemi alama hazina maana. Mhadhiri asiyeweza utafiti ni mzigo kwa idara. Ila kipimo kimoja hakitoshi kwa taaluma yenye miguu miwili.

Kisha kukaja mwaka 2016. Mwezi Juni serikali ya Rais Magufuli ilisitisha ajira mpya ili kuondoa watumishi hewa, na Aprili 2017 majina ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi yalikabidhiwa kwake mjini Dodoma. Nia ya usafi ule ilikuwa njema. Hata hivyo idara zilizokuwa changa, mawasiliano ikiwa mojawapo, zilibaki na walimu wachache na madarasa yanayofurika. Na mwaka huohuo wa 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Habari, ambayo kanuni zake za mwaka 2017 zilimtaka mwandishi awe angalau na stashahada, akipewa muda wa mpito. Kwa mkono mmoja serikali ilizuia kuajiri walimu. Kwa mkono mwingine ikawalazimisha waandishi kurudi darasani. Pengo lile lilizibwa na walimu wa muda, wanaolipwa kwa saa.

Sasa turudi Singida. Mkoa huu si mgeni katika kulea walimu. Chuo cha Ualimu Kinampanda, wilayani Iramba, kilianzia mikononi mwa wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani kabla ya kuwa cha serikali. Leo mkoa una kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, taasisi ambayo kati ya shahada zake kuna ya masoko na uhusiano wa umma, na una kituo cha Chuo Kikuu Huria. Idara kamili ya mawasiliano, yenye wahadhiri wake wa kudumu, haumo katika hesabu hiyo.

Je, ina uzito wowote mhadhiri akae Singida au Dar es Salaam? Nadhani ina. Mfano anaoutoa mwalimu darasani hutoka pale anapoishi. Simulizi za Wanyaturu humtaja Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani kwa kutumia nyuki, ambaye jina lake sasa limepewa uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua. Mtu anayefundisha namna habari inavyosafiri bila gazeti wala redio, na namna kumbukumbu inavyodumu kwa karne nzima, anaweza kulijengea jina hilo muhula mzima wa masomo. Asiyelijua atachukua mfano wa kitabu kilichoandikwa kwa wanafunzi wa Ohio.

Na kuna suala la lugha, ambalo matangazo ya kazi hulipita kimya. Mhadhiri anaajiriwa kufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi wake, akipata kazi, ataandika na kutangaza kwa Kiswahili, na akirudi Ikungi au Mkalama atahoji wazee wanaofikiri kwa Kinyaturu na Kinyiramba. Katika usaili mwombaji hupimwa ufasaha wake katika lugha ya kwanza kati ya hizo.