Ndama Mmoja, Sheria Tatu

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, nyumbu wanapozaa katika nyanda za Athi na Kaputiei, wafugaji wa Kimaasai wa Kitengela, Isinya na maeneo ya jirani huwaondoa ng'ombe wao kwenye nyasi nzuri na kuwapeleka kwingine. Walijua, kabla ya maabara yoyote kujengwa Kenya, kwamba ng'ombe akilisha mahali nyumbu alipozalia hushikwa na homa kali, macho yakaingia ukungu mweupe, pua ikaziba kwa usaha, na baada ya siku chache akafa. Tiba haipo. Mwaka 1960 Walter Plowright na wenzake wawili, wakifanya kazi katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, karibu na Nairobi, walichapisha ushahidi kwamba kirusi cha homa hiyo huishi ndani ya nyumbu bila kumdhuru. Baadaye ikafahamika kuwa ndama wa nyumbu ndiye anayekisambaza, kwa machozi na ute wa pua, katika miezi yake michache ya kwanza. Mfugaji alikuwa akilaumu kondo la nyuma. Alikosea njia, lakini mahali na msimu alivipatia.

Kuuchunguza ugonjwa wa namna hii kunataka mambo matatu kwa pamoja: mnyama atakayeumia, kimelea kisichopaswa kutoroka, na dawa kali za kumlaza mnyama au kumkatisha uhai bila mateso, dawa ambazo zikiangukia mikono mibaya huwa sumu au ulevi. Ingefaa yote matatu yaangaliwe kwa jicho moja, ombi la mtafiti likisomwa na watu wanaokaa meza moja. Kenya ilizipata sheria zake moja baada ya nyingine, kwa miaka iliyoachana na kupitia wizara mbalimbali, na mshono kati yake umebaki dhaifu. Ninachodai hapa ni kwamba mshono huo ndio wenye hatari, na kwamba hauwezi kuimarishwa Nairobi peke yake bila mtu ambaye ng'ombe wake wanalala upande wa pili wa ua la shamba la utafiti.

Sheria ya kwanza ina alama za Uingereza, nchi iliyoanza kudhibiti majaribio ya wanyama kisheria mwaka 1876. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ilitungwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Wengi wanaifahamu kwa ajili ya punda anayechapwa akivuta mkokoteni wa maji, lakini ndani yake imo pia sehemu ya majaribio: mtu asifanye jaribio la kumuumiza mnyama bila leseni. Kwa wakati wake ilikuwa hatua njema. Kasoro ni kwamba leseni humpima mtu kuliko inavyolipima jaribio. Haiendi mbali katika kuuliza kama ndama ishirini ni wengi mno, au kama swali lile lile lingeweza kujibiwa kwa chembe hai zilizokuzwa ndani ya chupa. Maswali hayo yalikuwa yameshaandikwa na Waingereza wawili, Russell na Burch, katika kitabu chao cha mwaka 1959: tafuta mbadala wa mnyama, punguza idadi, boresha anavyotendewa.

Hapa wapo watakaosema kwamba Plowright hakuhitaji kamati ya maadili. Aliitengeneza chanjo ya sotoka pale Muguga bila fomu za maadili, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imetokomezwa, ugonjwa uliowafilisi Wamaasai mwishoni mwa karne ya 19 hata miaka ile wakaiita emutai, maangamizi. Ni hoja nzito na sitaki kuipuuza. Lakini tazama alichokifanya. Kabla yake, maabara ya Kabete ilikuwa ikikuza chanjo ya sotoka ndani ya mbuzi hai. Plowright alichukua kirusi kilichopatikana Kabete mwaka 1910, akakipitisha mara 90 katika chembe za figo za ndama zilizokuzwa maabara, mpaka kikapoteza ukali wake kikabaki na uwezo wa kukinga. Chanjo ikawa salama zaidi, na haikuhitaji tena mbuzi augue ili itengenezwe. Kile ambacho kamati ya leo ingemwomba afanye, yeye alikifanya kwa kuwa ndio ulikuwa utafiti bora. Historia ya Muguga inaonyesha kwamba kupunguza maumivu ya mnyama na kupata jibu la kuaminika huenda pamoja mara nyingi. Haionyeshi kwamba kila mtafiti ana akili na subira ya Plowright, na kanuni huwekwa kwa ajili ya watafiti wote.

Dawa zilikuja na historia yake. Katika miaka ya 1960, Toni Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefundisha Makerere na baadaye Nairobi, alikuwa miongoni mwa walioanzisha matumizi ya mshale wa dawa kuwalaza faru na tembo, akitumia etofini, dawa ya jamii ya afyuni yenye nguvu mara nyingi kuliko mofini. Amboseli, ndani ya kaunti ya Kajiado, ambako tembo wamechunguzwa mfululizo tangu 1972 na nyani tangu 1971, ni mahali ambapo manufaa ya ufundi huo yanaeleweka vizuri. Lakini tone la etofini likiingia kwenye mkwaruzo wa mkono wa daktari linaweza kumuua, na kwa sababu hiyo dawa hiyo iko chini ya mikataba ya kimataifa ya mihadarati. Sheria ya Kenya ya kudhibiti dawa za kulevya ni ya mwaka 1994. Jicho lake liko kwenye kabati: kufuli, daftari, nani amechukua kiasi gani na nani ameshuhudia. Yote hayo ni ya lazima. Ila sheria ya kabati humaliza kazi dawa inapoingia kwenye mshipa wa mnyama, na huko nyikani ndiko tatizo linakoanzia.

Chukua ndama wa jaribio aliyezidiwa, akapewa pentobarbitali ili asiteseke zaidi. Amekufa kwa amani, na daftari limetiwa saini. Dawa hiyo haiozi upesi. Hubaki kwenye nyama na maini, na imeshajulikana kwingi duniani kwamba tumbusi wanaokula mzoga wa namna hiyo hulala wasiamke. Katika majabali ya Kwenia, Kajiado, wapo tumbusi wanaotaga na kulea makinda yao, ndege ambao tayari wanauawa kwa sumu za kuulia wadudu zinazotegewa simba na fisi. Mzoga mmoja ulioachwa bila kuzikwa kwa kina au kuchomwa unatosha kuleta hasara isiyoandikwa katika daftari lolote. Mtu wa maadili ya wanyama ataona kifo kisicho na mateso, mtu wa dawa ataona chupa iliyohesabiwa, na mtu wa usalama wa kibayolojia, kama amealikwa, atauliza kirusi kimekwenda wapi. Kila mmoja atakuwa ametimiza wajibu wake, na tumbusi watakuwa wamekufa.

Huyo wa tatu naye ana mipaka yake. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kutia saini Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa viumbe waliobadilishwa vinasaba, mwezi Mei 2000 hapa Nairobi, na mwaka 2009 ikapata Sheria ya Usalama wa Kibayolojia. Sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya viumbe waliobadilishwa vinasaba. Kirusi cha nyumbu si kiumbe wa namna hiyo, wala chanjo iliyotokana na kirusi kilichodhoofishwa kwa kukuzwa tu katika chembe. Hayo yako chini ya sheria za magonjwa ya mifugo na za chanjo. Mwananchi anayesikia kwamba nchi ina sheria ya usalama wa kibayolojia anadhani imefunika kila kimelea kilichoko maabara, na si hivyo.

Taasisi zenyewe ndizo zilizoanza kuziba pengo. Mwaka 1993 kituo cha kimataifa cha utafiti wa magonjwa ya mifugo kilichoko Kabete, ambacho muda mfupi baadaye kiliungana na kile cha Addis Ababa kikawa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, kiliunda kamati ya kuangalia matunzo na matumizi ya wanyama. Kilijifunga kwa hiari kufuata sheria ya Uingereza ya majaribio ya wanyama ya mwaka 1986. Chuo Kikuu cha Nairobi, katika kitivo chake cha tiba ya mifugo, kina kamati ambayo jina lake lenyewe linaunganisha usalama wa kibayolojia, matumizi ya wanyama na maadili. Nalisifu jina hilo kwa dhati, maana limekataa kumgawa ndama vipande. Tangu sheria ya sayansi ya mwaka 2013, NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, nayo hutoa leseni za utafiti na kuzitambua kamati za maadili za taasisi. Vyuo vinavyofunguliwa Kitengela na Kajiado vinaikuta njia imeshalimwa.

Matunda yameonekana. Mwaka 2019 watafiti wa ILRI na wenzao walichapisha matokeo ya chanjo ya ile homa ya nyumbu, iliyojaribiwa kwa ng'ombe nyikani nchini Kenya, na ikaonyesha kinga ya zaidi ya asilimia 80. Jaribio kama hilo lazima liwe na kundi la ng'ombe wasiochanjwa, ambao baadhi yao watakufa. Mtu wa Kitengela anayeona malori ya mifugo yakielekea machinjioni kila siku anaweza kuuliza kwa nini watu wakae kikao kwa ajili ya ndama wachache. Jibu ni kwamba anayechinjwa hufa kwa dakika, na aliyeambukizwa huugua kwa siku. Isitoshe, nyama hutuambia papo hapo kama imefaa. Jaribio lililopangwa vibaya hutoa jibu la uongo, na mfugaji huligundua baada ya kulichanja boma zima.

Malalamiko ya ucheleweshaji nayakubali. Mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka miwili hawezi kuizunguka milango mitatu akabaki na muda wa kufanya kazi. Dawa ya hilo ni fomu moja na kikao kimoja. Kuufunga mlango mmojawapo hakumponyi mtu. Nisichokikubali ni dai kwamba mfugaji hana la kuchangia mezani. Kati ya 2003 na 2008 mradi wa Reto-o-Reto, yaani nikusaidie unisaidie kwa Kimaa, uliajiri wanajamii wa Kitengela wawe waratibu kati ya wananchi na watafiti, na wenyeji wakashiriki kuchora ramani ya nyua zilizokuwa zikikata njia za wanyama. Mratibu wa Kitengela, David Nkedianye, mwaka 2013 akawa gavana wa kwanza wa Kajiado. Ramani ile iliingia katika mipango ya ardhi kwa sababu waliozijua nyua zile walikuwamo tangu mwanzo.

Serikali ya kaunti, NACOSTI na kamati za ILRI na za Chuo Kikuu cha Nairobi zina uwezo wa kukubaliana juu ya hili bila kusubiri sheria mpya: kila jaribio la mifugo litakalofanyika katika nyanda za Kajiado lisomwe mara moja, kwa mambo yote matatu, na mfugaji mwenye kura kamili awe kikaoni. Nyumbu huanza kuzaa Januari. Maombi ya msimu huo yasomwe Isinya mwezi Novemba, kwa Kiswahili na Kimaa, mbele ya wenye ng'ombe.